Ng'ombe Aliyejifunza Kutembea Upya Sakina

Baba alipopunguzwa kiwandani, kiinua mgongo chake alinunulia mtamba wa maziwa. Tulimjengea banda nyuma ya nyumba yetu, mtaani Sakina. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo tu nyumbani, kwa hiyo kukata majani ikawa kazi yangu.

Uzazi wa kwanza wa mtamba huyo ulikuwa mgumu. Ndama alikuwa mkubwa, akakwama muda mrefu, ikabidi avutwe. Alitoka mzima, lakini mama yake hakusimama. Kila alipojaribu, miguu ya nyuma ilipanuka huku na huku, akaanguka kifudifudi.

Baba alikaa pembeni yake. Mwishowe akasema, "Nitamwita mwenye bucha."

"Mwite kwanza daktari," mama akamjibu. "Bucha haihami."

Daktari wa mifugo alikuwa mama mmoja aliyeacha kazi serikalini na kufungua duka la dawa barabara ya Nairobi, wakati watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kutibu mifugo. Nilimwamkia shikamoo, akanituma maji ya moto na sabuni. Alimpapasa ng'ombe mgongo mzima, kisha akambana kwa koleo ngozi iliyo katikati ya kwato. Mguu ukajikunja upesi.

"Umeona?" akaniuliza. "Uti wa mgongo uko hai. Ndama aliibana mishipa ya fahamu inayopita kwenye nyonga, ile inayovuta miguu ikae karibu. Imechoka, haijakatika."

"Kwa hiyo ubongo wake hauna shida?" nikauliza.

"Hauna. Ubongo kazi yake ni kusema twende, simama, kata kona. Mguu upi utangulie na upi ufuate, hilo linapangwa humo ndani ya uti wa mgongo. Mpango upo. Tunasubiri njia ifunguke."

Akatufundisha kumfunga miguu ya nyuma kwa kitambaa laini, tukiacha nafasi ya hatua fupi, isipanuke tena. Tukammwagia maranda mengi ya mbao ili asiteleze. Kila mara tulimgeuza ubavu, mimi na baba tukisukuma, mama akivuta mkia. Nikamkanda mapaja mpaka mikono ikaniuma. Siku nyingine nilimwona baba akimnong'oneza kitu sikioni, nikajifanya sijaona.

Asubuhi moja ndama alilia nje ya banda. Ng'ombe akainua makalio, akatetemeka, akasimama. Akatoa mguu wa nyuma wa kushoto, ukafuata wa mbele wa upande huohuo, kisha ile ya kulia, hatua fupi fupi, lakini kwa mpangilio wake uleule.

"Mama! Njoo uone!" baba akapiga kelele, machozi yakimtoka bila aibu.

Ng'ombe alibaki akipepesuka kidogo nyonga ya kulia kwa wiki kadhaa. Nilikuwa namtembeza taratibu uani huku daktari akiangalia kwato zinavyokanyaga. Siku aliyomfungua kitambaa alinigeukia.

"Wewe binti, chuo cha mifugo wanachukua wanafunzi. Umeshawahi kufikiria?"

Nikamtazama baba. Alikuwa ameshaanza kutabasamu.