Msiba wa Mdoezi

Kwanza niliusikia mlango.

Nilikuwa mdogo, narudi kutoka mtoni na dumu la maji kichwani, na mvua ya mchana ilikuwa imekatika muda si mrefu. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, ukaimeza migomba ya kijiji chetu cha Chonyonyo mmoja mmoja, hadi nikabaki natembea ndani ya weupe mtupu, naongozwa na nyayo tu. Ndipo mlango ukabamizwa. Paa! Kisha sauti ya mwanamume ikalia kwa uchungu wa mtu aliyeachwa nje: "Kofia yangu, jamani! Nimesahau kofia!" Kisha vicheko viwili vya wanawake, kimoja chembamba, kinapanda, kingine kizito, kama maji yanayomiminwa mtungini.

Nilisimama. Kilichonishangaza hakikuwa yule mwanamume. Ni mlango. Mlango wa bibi yangu haukufungwa mchana hata siku moja. Kwetu mlango uliofungwa mchana ni wa mchoyo anayekula peke yake, au wa nyumba iliyohamwa. Nikavifuata vile vicheko katika ukungu mpaka umbo la nyumba likajitokeza. Bibi alikuwa ameketi kizingitini, jirani yake kwenye mkeka, na katikati yao, juu ya kinu kilichopinduliwa, redio. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida.

"Huyo mwanamume yuko wapi?" nikauliza.

"Amefukuzwa," bibi akasema, anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Ameenda wapi?"

"Aende wapi? Atarudi Jumamosi. Kofia yake imebaki humu." Akaigonga redio kwa kidole.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ndani ya redio ya bibi, kati ya betri na nyaya, kulikuwa na kofia.

Alikuwa mchekeshaji wa Dar es Salaam. Sikuwahi kukutana na mtu wa Karagwe aliyemwona kwa macho yake. Katika mchezo wake wa redio alikuwa mdoezi, mtu anayejua kwa harufu ni nyumba gani chakula kimeiva. Kila wiki alibisha kwa maneno yale yale, "Hodi wenye chungu!" Alikaribishwa, akala hadi akalamba vidole, na aliposhiba akakitukana chakula. Mwenye nyumba akamtimua, mlango ukabamizwa, kofia ikabaki ndani. Basi ikambidi arudi. Ni hayo tu. Miaka yote ni hayo tu, na nchi nzima ilicheka mahali pale pale.

Jirani yule tulitenganishwa naye na mstari wa mimea ya mpaka tu. Wazazi wake walitoka Rwanda kuja kuchuma kahawa kabla yeye hajazaliwa. Bibi aliota kwa Kinyambo, jirani akaota kwa Kinyarwanda. Ni lugha za ukoo mmoja: kila mmoja alielewa nusu ya maneno ya mwenzake, na ile nusu iliyobaki ndiyo iliyoleta ugomvi. Kiswahili kilikuwa kigeni kwa wote wawili. Shuleni hawakukaa vya kutosha kukijua. Aliyewafundisha ni mdoezi. Ndiyo maana Kiswahili chao kilikuwa cha vyungu, matusi ya mezani na visingizio. Jirani alipokuja kuomba kaa la moto alisimama uani akaita, "Hodi wenye chungu!" na bibi akajibu kutoka ndani, "Chungu kimekauka, pita njia!" huku mkono wake tayari unasogeza kigoda.

Mdoezi, akiambiwa aondoke, alikuwa na jibu lake: "Aliyeshiba haondoki, anapumzika." Mume wa jirani alipofariki, niliwaona hawa wanawake wamesimama kando ya kaburi. Bibi alitafuta neno kwa Kinyambo, akalikosa, akalitafuta kwingine. Mwishowe akamshika mwenzake bega akasema, "Hajaondoka, mwenzangu. Ameshiba, anapumzika." Hakuna aliyecheka. Jirani aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa neno kanisani.

Miaka ikapita, nikaenda mjini kuandika vitabu vyangu, nikawa narudi kwa msimu. Safari hii niliporudi nilikuta migomba imelowa na bibi amenuna. Macho ya jirani yalikuwa yamefifia, hakuweza tena kuishi peke yake. Mwanawe alikuwa amejenga Isingiro, huko Kyerwa, na wiki hiyo angekuja kumchukua. Isingiro si mbali kwa mwenye magoti mazima. Magoti ya bibi yalikuwa yameshamkatalia hata kufika kanisani.

"Akiondoka huyu," aliniambia tukimenya ndizi, "Kiswahili changu nitaongea na nani? Na kuku?"

"Utaongea na mimi, bibi."

"Cha kwako ni cha vitabuni. Hakina chumvi."

Mwana akaja asubuhi, na kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi. Alikuwa ameshapakia godoro na anafungua kitanda cha mama yake, redio ya bibi inaongea peke yake pale kizingitini kama kawaida, wakati mtangazaji aliposhusha sauti akasema kwamba mdoezi amefariki. Alimtaja kwa jina lake halisi kwanza, na hatukumtambua. Kisha wakaweka mlio wa ule mlango. Paa. Na baada yake hapakuja sauti yoyote kuomba kofia.

Bibi alikuwa na jembe mkononi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshalainisha udongo, mbegu za maharage zilikuwa kwenye ungo. Akaliangalia jembe. Akalilaza chini taratibu, kama unavyomlaza mtoto ambaye ndiyo kwanza amesinzia.

"Kuna msiba," akasema.

Kwetu mtu akifa kijijini, jembe haligusi ardhi mpaka azikwe. Wala mtu hahamishi kitanda. Kuhama penye msiba ni kumkimbia marehemu.

Yule mwana alielewa upesi kuliko mimi. Akaja hadi kwenye mimea ya mpaka. "Shikamoo, bibi. Lakini huyo ni wa redioni."

"Marahaba. Wa redioni hafi?"

"Anakufa, ila si wa hapa."

"Alikuwa kwangu kila Jumamosi. Wewe kwangu umefika lini mara ya mwisho?"

Kijana akageuka kumtazama mama yake. Jirani alikuwa ameshakaa juu ya godoro ndani ya kirikuu, mikono mapajani, kilemba chake cha buluu kimefungwa vizuri kwa safari. Kisha akaanza kushuka, anapapasa kwa mguu.

"Shusha godoro," akamwambia mwanawe.

"Mama!"

"Nimesema shusha. Unataka watu waseme nimemkimbia?"

Mwana akaenda kumwita balozi wa nyumba kumi. Balozi akaja amevaa kofia yake ya kazi, uso umekazwa. Akakaa uani, akasafisha koo.

"Marehemu ni wa kitongoji gani?"

"Wa hapa," bibi akasema.

"Nyumba yake ni ipi?"

Bibi akaionyesha redio.

Balozi akatazama chini. Jirani akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama mgeni yeyote anavyosogezewa. Akachukua mbili, akatafuna. Tukamsubiri. Ndege walikuwa wakilia kwenye migomba na mwana wa jirani alikuwa akizungusha funguo kidoleni.

"Siku ile alipoingia harusini bila kualikwa," balozi akaanza polepole, macho bado chini, "bwana harusi akamuuliza, wewe ni ndugu wa nani? Akasema, mimi ni ndugu wa..."

"Wa sufuria!" bibi akadakia.

"Upande wa mama!" jirani akamalizia.

Balozi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akaiokota, akaifuta vumbi, lakini hakuirudisha kichwani. Aliishika magotini mpaka mwisho.

"Mila ni mila," akasema. "Mpaka azikwe."

"Balozi, hili gari ni la watu!" mwana akalalamika.

"Mwenye gari naye mpe taarifa ya msiba." Akainuka, akamgeukia bibi kwa sauti ya chini. "Na jioni nani anapika?"

Hivyo majembe yakalala. Sijui nizieleze vipi siku zile. Zilikuwa kama siku zilizokatwa kutoka kwenye kalenda zikatundikwa mahali pengine, kwenye mti, kukaushwa. Asubuhi ukungu ulikuja ukakaa, hakuna aliyeamka kuufukuza kwa kazi. Mvua ilinyesha, udongo ukanukia, ukasubiri. Tulitandika nyasi sebuleni. Majirani wakaja, huyu na mkungu wa ndizi, huyu na kuni, na kila mmoja alileta kisa chake cha mdoezi: mdoezi na mchungaji, mdoezi kwa mama mkwe, mdoezi aliyefika siku ya kufunga. Wengine walivikumbuka tofauti wakabishana, wakaombwa ushahidi, wakacheka, wakanyamaza kwa pamoja bila kuambiwa. Wakati wa kuondoka kila mmoja alimshika jirani mkono kwa muda mrefu kuliko alivyoishika mikono yetu wengine. Sikujua walikuja kumlilia yupi.

Nilishuka Omurushaka kununua sukari na betri. Waendesha bodaboda walikuwa wametundika kofia kwenye usukani wa pikipiki zao. Kwenye duka la mnunuzi wa mazao, kati ya magunia ya maharage, spika ilikuwa ikipiga michezo ya zamani, na wapagazi walibeba polepole ili wasipitwe. Mlango ulipobamizwa barabara nzima ikapaza sauti, "Kofia yangu!" hata abiria waliokuwa dirishani kwenye basi la Bukoba. Halafu watu wakatazamana, kama vile mtu angetokea kutoka nyuma ya magunia kuidai.

Bibi alikuwa mwombolezaji mwenye uso mkunjufu kuliko wote niliowahi kuwaona. Kila asubuhi alifungua redio kusikia kama tarehe ya maziko imepangwa, na wakisema ndugu bado wanasubiriwa kutoka mbali, aliguna "masikini" huku akiongeza maji ya chai.

"We mwanamke," jirani akamwambia, "unataka marehemu aharibike?"

"Asubiri. Alizoea kukaa kwa watu."

Lakini akazikwa. Ilikuwa Jumamosi, saa yake ile ile. Tulikaa kwenye nyasi, redio juu ya kinu, mwana wa jirani naye ameegemea mlango kwa upande wa nje. Mtangazaji alisema watu wamekuja na kofia, za ukindu, za sufu, za watoto, wakaziweka juu ya jeneza mpaka ikabidi ziondolewe ili literemke. Kisha akanyamaza, na kinasa sauti kikatuletea udongo. Ulikuwa mdogo na mkavu, ule udongo, ukianguka mbali sana, ndani ya sebule yetu.

"Wameshafukia?" bibi akauliza.

"Wameshafukia," jirani akasema.

Safari hii hakuna aliyetafuta mzaha. Bibi alinyoosha mkono akaizima redio.

Kesho yake jembe ndilo lililoniamsha. Nilidhani amewahi kupanda maharage. Nikamfuata katika ukungu kwa ule mlio, nikamkuta amepiga magoti chini ya mgomba wake bora kuliko yote, magoti yale yale yaliyokataa kanisani, anachimbua chipukizi. Alilichimba kwa upole, akikata mzizi mmoja mmoja, akaligeuza kulikagua kama lina ugonjwa wa mnyauko, akalifunga kwa majani makavu ya mgomba. Sikumsaidia. Hakuniangalia.

Kisha akaenda kupika.

Kirikuu kilikuwa kimeshapakiwa tulipomsikia jirani uani. "Hodi wenye chungu!"

"Chungu kimekauka, pita njia!"

Akaingia akipapasa, akakaa kwenye kigoda chake. Bibi akampa chipukizi kwanza.

"Usilipande penye maji yanayosimama."

"Mimi nimepanda migomba kabla hujajua kumenya ndizi."

"Ndiyo maana ya kwako yote imeanguka."

Akamwekea ndizi na maharage. Jirani akala bila haraka, na bibi akamtazama anavyokula. Barabarani mwanawe akapiga honi. Jirani akala. Honi ikalia tena. Akafuta sahani kwa kidole, akalamba kidole, akaisukuma sahani mbele. Nilikuwa nikisubiri machozi, ya huyu au ya yule. Badala yake akainua kidevu, na kutoka puani, kwa ile sauti tuliyoizika jana, akasema:

"Maharage haya, mwenye nyumba, hata mbuzi angeomba radhi."

Bibi akasimama. Magoti yake yalisikika.

"Toka!"

"Aliyeshiba haondoki, anapumzika."

"Toka nyumbani kwangu, mdoezi wee! Toka, na usirudi!" Kwenye lile neno la mwisho sauti ikamkatika, akaivuta upya. "Usirudi, nimesema!"

Jirani akainuka. Akapeleka mikono kichwani, akakifungua kilemba ambacho sikuwahi kumwona bila kukivaa tangu nizaliwe. Nywele zake zilikuwa fupi na nyeupe kama maua ya kahawa. Akakikunja kile kilemba, akakilaza juu ya kigoda, akakipapasa kuhakikisha kimekaa vizuri. Kisha akalikumbatia chipukizi kifuani na kutoka nje, kichwa wazi, anafuata mlio wa honi katika ukungu.

Bibi alikiona kilemba. Hakumwita. Aliushika kwa mikono miwili mlango ambao haukuwahi kufungwa mchana, akauvuta hadi bawaba zikalia, akaubamiza.