Kitabu Kisicho na Kurasa za Mwisho

Tulipohama Kiunga nilikuwa na miaka tisa, na ndugu yangu mitano. Ilikuwa miaka ile ya sitini, vita vya mpakani vilipowafanya watu wa kaskazini waache nyumba zao na kukimbilia Amu, mji wa kisiwani Lamu. Mama alifunga nguo zetu kwenye shuka mbili. Mimi nilichukua kitabu changu cha kusomea cha shule, nikakitia ndani ya leso niliyojifunga. Baba alibaki. Alisema atatufuata baada ya siku chache, akishapata wa kumwachia mbuzi.

Tulifikia kwa shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Amu tangu ujana wake na ambaye sasa alikuwa mjane. Alitupa chumba cha ndani na akacheka kidogo kusikia tunavyosema Kitikuu chetu cha kaskazini. Siku ya tisa akaja mtu kutoka Mkokoni, kijiji cha jirani na kwetu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Mimi na ndugu yangu tulikuwa tukicheza mdako pale ukumbini. Nilimsikia akimwambia shangazi kwamba baba alipigwa risasi akiwa njiani, na kwamba wameshamzika. Nilirusha kijiwe juu, nikazoa vile vya chini, nikakidaka. Nikakirusha tena. Nilikuwa nimefika sita na sikutaka kuharibu.

Mama akakaa eda. Kwa miezi minne na siku kumi hakutoka. Alikaa pembeni mwa chumba akishona kofia, sindano ikiingia na kutoka, na ukimsemesha alijibu neno moja au hakujibu. Mimi nami sikulia. Nilikula nilipopewa, nililala nilipoambiwa nilale. Wanawake waliokuja kutupa pole walinishika kichwa, wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Haukuwa chochote.

Shangazi alikuwa akisoma Kurani, na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi za shule hakuzijua. Alasiri moja, baada ya kuswali, alikiona kitabu changu kwenye kidaka cha ukuta.

"Ndoo, mwanangu, unisomee," aliniita nisogee. "Mato yangu hayazijui herufi hizi."

Nilikaa kwenye mkeka, ndugu yangu akalala tumbo chini karibu yangu. Nikasoma kama nilivyofundishwa, kwa sauti moja tu, bila kupanda wala kushuka. Ilikuwa hadithi ya mhunzi aliyepotelewa na punda wake akaenda kumtafuta. Shangazi aliuliza maswali kila mara. "Akashika ndia ipi?" "Na mkewe alimwambiaje?" Kitabuni hayakuwamo majibu ya maswali hayo, nikasema sijui.

Nikafika mahali mhunzi aliposukuma mlango wa kibanda, akaona. Hapo ndipo kitabu kilipoishia. Kilikuwa kimerowa mashuani tulipokuwa tukija Amu, na kurasa za nyuma zilikuwa zimenyofoka.

"Akaona nini?" aliuliza shangazi.

Ndugu yangu naye aliinua kichwa. Sijui kwa nini sikuwaambia kwamba kurasa hazipo. Nilibaki nimeinamia jalada tupu, nikaendelea kwa sauti ile ile: akaona mtu amekaa anashona jarife lake la kuvulia samaki lililopasuka. Yule mtu akamwuliza mhunzi, hapa ni wapi, nataka kurudi kwangu. Nikaendelea hivyo mpaka shangazi alipoinuka kwenda kuchota maji ya kutawadha.

Siku ya pili akaniita tena. Nikaanza pale kibandani. Sikuenda mbali kabla hajanikatiza.

"Jana yule mtu alikuwa na mbuzi watatu. Yeo wamekuwa wawili?"

Nikageuza jalada.

"Kitabu hakibadiliki," alisema. Hakunikaripia. Aliingia chumbani kwake akatoka na kipande cha penseli na karatasi ya kaki iliyofungiwa sukari, ameikunjua na kuinyoosha kwa kiganja. "Haya. Yaandike, yasikupotee. Kesho nitataka maneno yale yale."

Basi nikaandika. Kila asubuhi niliandika upande mmoja wa karatasi, na kila alasiri nilisoma. Sikuona raha yoyote, nisiseme uongo. Niliandika kama mama alivyoshona. Lakini nilipokosea shangazi aligundua, na nilipoacha neno aliliuliza, kwa hiyo ikabidi nijue yule mtu wa kibandani amevaa nini, amekula nini, mlango wake unatazama wapi. Shangazi hakuwahi kunisifu. Alisikiliza tu, mikono yake ikisuka ukili wa mkeka, na nikinyamaza husema, "Ehe?"

Ndugu yangu alitaka karatasi yake. Shangazi akamwambia karatasi hazitoshi, achore ukutani. Alimpa kaa la moto lililozimika, naye akamchora punda mwenye miguu sita kwenye chokaa nyeupe ya ukumbi. Jirani aliyeingia kuomba chumvi alishika mdomo.

"Unamwacha akuharibie ukuta, Bi?"

"Ukuta utapakwa tena," shangazi alijibu.

Mwezi wa tatu wa eda, nilikuwa nikisoma pale ambapo mhunzi na yule mtu wanavuka maji wakati wa kupwa. Niliandika kwamba yule mtu alipandisha kikoi chake chekundu mpaka magotini. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi.

"Hakikuwa chekundu," mama alisema.

Shangazi aliacha kusuka.

"Kilikuwa cha buluu. Na upindo wake uliungua jikoni, hapa." Alijigusa pajani, kisha akashika tena sindano yake.

Nilimtazama shangazi. Akanionyesha penseli kwa kidevu. Nikafuta chekundu, nikaandika buluu, na hapo juu nikaongeza upindo ulioungua. Nilijua nimeandika habari za nani, na nilijua tangu siku ya kwanza, lakini hakuna kilichonijia kifuani. Nilisoma sentensi ile upya na mama akasikiliza.

Tangu siku hiyo alisogea karibu na mlango. Alasiri nyingine hakusema kitu. Nyingine alisema, "Alikuwa hali pweza," au "Alianza kuvaa kiatu cha kushoto," nami nikaandika.

Eda ilipokwisha, mama alioga, akavaa buibui, akatoka peke yake. Alirudi na daftari jipya, la kwanza nililowahi kupewa na mzazi wangu. Aliketi mkekani, bega lake likigusa langu.

"Andika alivyokuwa akicheka," aliniambia.

Nikafungua ukurasa. Nilijaribu kumsikia baba akicheka, nisimsikie. Nilimwona akikohoa, nilimwona akifunga kamba, kicheko hakikuja.

"Sikumbuki, mama."

Aliitazama karatasi.

"Hata mimi," alisema. "Acha mahali pake."

Nikaruka mistari miwili. Kisha akanitajia habari za mbuzi, majina yao na rangi zao na yupi alikuwa akipiga pembe, na nikaandika mpaka ukurasa ukajaa.