Kisima cha Kwao Sista

Mji wenyewe ni barabara moja. Unaingia na basi, na kabla hujamaliza kutafuta begi lako chini ya kiti umeshautoka. Kulikuwa na kanisa upande huu, baa tatu upande ule, duka la kuuza viatu vya mvua, na jengo la soko la zamani lenye saa kubwa juu yake. Saa hiyo ilikuwa imesimama, na si kwamba imesimama jana. Mama mwenye nyumba ya wageni niliyofikia aliniambia kwa fahari kwamba ilisimama babu yake akiwa kijana, na kila wakitaka kuitengeneza watu wa mji wanakataa. Nilitaka kumwambia kwamba kwetu saa mbovu ni saa mbovu, lakini nilikuwa nakula mayai yake.

Sikwenda Ayalandi kutalii. Ilikuwa 2015, na ofisi ninayofanyia kazi Buffalo, Marekani, ilinituma Dublin kwa mafunzo ya programu mpya ya hesabu. Nilipomwambia Mama, ambaye alikuwa akikaa nami Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, aliweka kikombe chini.

"Dublin na kwao Sista ni mbali?"

Nikajua nimekwisha.

Sista, mtawa kutoka Ayalandi, ndiye aliyemfundisha Mama kusoma na kushona kule kwetu Kenya, katika shule ya misheni. Kwa hayo namshukuru. Lakini Mama alipoolewa na kupata mtoto wake wa kwanza, mtoto wa kiume, mtoto akashikwa na homa. Zahanati haikuwa na dawa. Wanawake majirani wakampeleka kwenye chemchemi moja yenye mti juu yake, mahali ambapo wazazi walikuwa wakichana kipande cha nguo waliyombebea mtoto na kukifunga kwenye tawi. Mama akachana, akafunga. Mtoto akafa wiki hiyohiyo, na mtu fulani mwenye mdomo akampelekea Sista habari.

Sista alikuja nyumbani, na hakuja kusema pole. Alimwambia Mama kwamba Mungu amemchukua mtoto kwa sababu yeye alimpeleka kwa mashetani. Akasema hakuna wa kanisani atakayekwenda kusali kaburini, na Mama asilie kwa sauti, kwani kulia ni kubishana na Mungu. Tena asipokee komunyo mpaka yeye Sista atakapomwambia. Muda si muda Sista akaugua, akarudi kwao, na hakuonekana tena.

Basi Mama akangoja. Alinizaa mimi, akamzaa dada yangu, akamzaa kaka yetu mdogo, akatupeleka kanisani kila Jumapili, na watu walipopanga foleni kwenda kupokea yeye alibaki kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani. Hata Buffalo, ambako padre anampa yeyote anayekinga mkono, alibaki palepale. Nilimwambia mara nyingi kwamba Sista hakuwa hata padre, kwamba neno lake lile halina uzito wowote, aende akaungame yaishe. Alinijibu kila mara kwa upole uleule unaonitia wazimu: "Niliambiwa ningoje."

Na sasa alitaka nikaulize.

"Amekufa, najua," alisema. "Lakini ana kanisa, ana watu. Nenda uulize kama aliacha neno."

Ati aliacha neno. Nilimtazama mama yangu, mzee mwenye akili zake, aliyelea wajukuu Columbus na kumfundisha kwa simu kaka yetu wa Louisville kupika, na nikaona kwamba hatanii. Alikuwa akisubiri habari kutoka kwa maiti wa Kizungu ili ajue kama alimuua mtoto wake. Nilikasirika hadi nikashindwa kumaliza chai, na nikakata tiketi ya basi la kwenda huko.

Mama mwenye nyumba ya wageni, alipojua namtafuta Sista, alivaa koti akasema atanitembeza mwenyewe, maana siwezi kuondoka bila kuona vivutio. Vivutio! Cha kwanza kilikuwa ngome. Ngome hiyo ni ukuta mmoja na nusu ndani ya shamba la ng'ombe, na ng'ombe wenyewe ndio walioonekana kuwa na shughuli pale. Aliniambia ni nani alichoma nini na nani alimkata nani kichwa, kwa uchungu kana kwamba waliohusika ni wajomba zake. Cha pili kilikuwa sanamu ya mtu mwenye mkuki, ambaye alishindwa vita. Cha tatu, daraja. Lilikuwa daraja la mawe, linapita juu ya mto ambao mbuzi wa kwetu angeuvuka bila kulowa tumbo.

"Unasikia baridi, masikini?" aliniuliza pale darajani.

"Mimi natoka Buffalo," nikamwambia. "Theluji yetu inafika madirishani."

"Ndiyo, lakini kwenu hasa ni wapi?"

Nikamwambia. Akafurahi sana. Akasema alipokuwa mdogo, yeye na wenzake shuleni walikuwa wakituchangia sarafu sisi Waafrika. Nikamwambia asante, kwa sauti ambayo mtu yeyote wa kwetu angejua maana yake. Yeye akapokea.

Kaburi la Sista lilikuwa nyuma ya kanisa, pamoja na watu wa familia yake, jiwe safi, maua ya plastiki. Sikupiga magoti. Nilisimama na mikono mifukoni, na kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Mama, niliuliza: je, Sista aliwahi kusema lolote kuhusu mwanamke mmoja kule Afrika, aliyefiwa na mtoto?

Yule mama akafikiri kwa dhati. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia.

"Alikuwa akiwapenda sana watoto wa kule," akasema. "Alikuwa akikumbuka maembe. Mwanamke fulani, hapana, sidhani."

Alikumbuka maembe. Mama yangu alikaa kwenye benchi ujana wake wote na uzee wake, na mwenzake alikumbuka maembe. Hakukusudia hata kumwonea. Alisahau tu, kama mtu anavyosahau kuzima taa.

Nilitaka kurudi nikachukue begi langu, lakini yule mama akanishika mkono. Bado kimoja, alisema, kizuri kuliko vyote, na kinahusu familia ya Sista. Tukapita nyuma ya zizi, tukateremka njia ya matope iliyoharibu viatu vyangu vya ofisini, tukafika kwenye lango dogo la chuma. Ndani kulikuwa na kisima cha maji, kimezungushiwa mawe, na juu yake mti mfupi wa miiba. Nilidhani upepo umeujaza takataka. Nilipousogelea niliona ni vitambaa. Vipande vya shati, riboni, leso za mkononi, rozari, soksi za mtoto mchanga, vimefungwa kila tawi, vingine vimeoza mpaka havina rangi.

"Mtu akiwa na mgonjwa," yule mama akaeleza, "anachana kipande cha nguo yake, anakilowesha kisimani, anakifunga hapa. Ni desturi ya tangu zamani. Padre huja kila mwaka kusoma misa hapahapa."

Nikamuuliza, taratibu, Sista alihusika vipi.

"Mama yake ndiye aliyetunza ufunguo wa lango. Sista amekulia hapa. Kila alipokuja likizo kutoka Afrika, alipita huku kabla hata hajanywa chai, akafunga kitambaa kwa ajili ya magoti yake. Mara ya mwisho mimi ndiye niliyemshika asianguke."

Nilicheka. Nilicheka mpaka yule mama akarudi nyuma hatua chache. Nikamuuliza kama vitambaa vinaponya, akasema, wengine wanapona, wengine wanakufa, kama mahali popote, nani anajua. Nikapiga picha za mti ule kutoka kila upande, na palepale, matope yakiwa kwenye vifundo vya miguu, nikamtumia Mama kwa simu. Niliandika: "Mama, hili ndilo neno aliloacha Sista. Huu ni mti wa kwao, na yeye mwenyewe alikuwa akifunga kitambaa." Nilikuwa nimefurahi vibaya. Nilijua nimemkamata mwizi mchana kweupe, na nilitaka mama yangu acheke pamoja nami.

Alama zikaonyesha ameisoma. Hakujibu. Nikaandika tena nikiwa Dublin, na tena nikiwa uwanja wa ndege, naye kimya.

Nilipofika Cheektowaga nilikuta magari mengi mbele ya nyumba. Dada yangu wa Columbus alifungua mlango, akanitazama, akanipiga bega kwa nguvu, kisha akanikumbatia. Mama alikuwa amewapigia simu yeye na kaka yetu, akawaambia, "Njooni, tumefiwa," akakata, kama kawaida yake ya kukata simu akishasema alichotaka. Kaka yangu alikuwa ameendesha gari kutoka Louisville akiamini ndege yangu imeanguka. Alikaa ngazini, uso umevimba, hataki kuzungumza na mtu.

Ndani, viti vilikuwa vimesukumwa ukutani na mikeka kutandikwa. Mama alikuwa amekaa chini, kitambaa kichwani, miguu ameinyoosha kama wafiwa wanavyokaa nyumbani. Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima kuhusu Sista, nimeipanga ndani ya ndege, yenye maneno makali.

"Wewe ulicheka?" Mama akaniuliza.

"Nilicheka."

"Mimi sikucheka. Kama mti wa kwao haukumuua mtu, basi na wa kwetu haukumuua mtoto wangu. Alikufa kwa homa. Alikuwa mgonjwa tu, na mimi nilikuwa mama yake tu."

Hotuba yangu sikuitoa. Ilikuwa inamhusu Sista, na katika chumba kile Sista hakuwa na nafasi tena. Nilivua viatu nikaketi mkekani.

Kisha wakaingia wanawake wa Kikongo kutoka Riverside ambao Mama alikuwa akisali nao, na masufuria yao ya wali na maharagwe, maana wale wakisikia msiba hawaulizi kwanza, wanapika kwanza. Walikaa chini, wakatusalimia mmoja mmoja. Mkubwa wao akamshika Mama magoti.

"Pole sana, Mama. Bon, ni nani alikufa?"

"Mtoto wangu wa kwanza."

"Alikufia huku ao kule kwenu?"

"Kule. Zamani, kabla hawa hawajazaliwa. Nilikatazwa kumlilia."

Nilidhani watashangaa, pengine wataona mzee amechanganyikiwa. Yule mwanamke hakuuliza aliyemkataza ni nani. Alisogea karibu zaidi, akafungua kilemba chake akakiweka chini, akasema, "Bon. Tumulilie sasa. Alikuwa anaitwa nani?"

Kaka yangu alikuwa ameingia, amesimama mlangoni. Mama akafumba macho, akalitaja jina la mtoto kwa sauti, na sisi watatu tukatazamana, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia.