Koti Lililofika Kabla ya Mshenga

Mpaka leo nikipita mtaa ule navuka barabara, naufuata ukuta wa upande wa pili kama mtu anayedaiwa, na kwa kuwa mmeniuliza mara nyingi sababu yake nitawaeleza leo, ila mkicheka mcheke taratibu.

Idi, mtoto wa dada yangu, alimpenda Rukia, binti wa Mzee Kombo wa Unguja, aliyehamia hapa Johannesburg siku nyingi. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa mshenga (kwa wasiojua, mshenga ndiye anayepeleka posa na kusema kwa niaba ya kijana, maana kijana mwenyewe haruhusiwi hata kuonekana pale). Mshenga wa kwanza alikwama kwenye foleni akachelewa, mzee akagoma kumfungulia, akatuma neno kwamba atampokea mmoja mwingine, kwa saa waliyopatana, basi. Kwa hiyo posa nzima ya Idi ilikuwa mabegani mwangu, na pete yake ikiwa katika mfuko wa ndani wa koti langu la kahawia.

Nyumba ya mzee iko mwisho wa mtaa mmoja karibu na Braamfontein, na Jumapili mtaa huo hugeuka soko la vikorokoro: kila nyumba inatoa meza nje ya geti, na juu yake utakuta sahani za bibi, redio zisizosema, makoti ya marehemu. Nilifika mapema. Kwenye meza ya Mama Béa, mshonaji kutoka Lubumbashi, nikaona koti la kijivu, refu, la sufu, aina ile wanayovaa mawaziri wakishuka kwenye ndege. Sikuwa na hela (pochi niliiacha nyumbani kwa kuogopa vibaka), lakini nikajiambia, kujaribu tu.

Sasa hapa niwaeleze vizuri. Kwetu Tanga, kwenye mitumba, ukitaka kujaribu unavua lako, unalitupa juu ya rundo, unavaa lile, na hakuna anayeligusa lako, maana kila mtu anajua lina mwenyewe. Nami nikavua, nikaweka mezani, nikaenda meza ya tatu palipokuwa na kabati lenye kioo. Nikajitazama mbele, nikageuka, nikajitazama nyuma, nikafanya mazoezi ya kusalimia wakwe, yaani nilijipenda kupita kiasi, na niliporudi koti langu halikuwepo.

"Ile ya rangi ya kahawa?" akasema Mama Béa. "Mzee moja amebeba sasa hivi. Hakubishana hata bei!"

"Mama, lile lilikuwa langu!"

"Papa, kila kitu iko pa meza yangu ni ya kuuzisha. Nani aliweka? Si ni weye?"

Nikatimua mbio kumtafuta huyo mzee, nikasahau kwamba nimevaa mali ya watu, na nyuma yangu nikasikia, "Na hiyo ingine unapeleka wapi?" Mtaa mzima ukageuka. Muuza sahani akanishika mkono, akasema, "Eish, baba, lipa kwanza!" Nikalivua hadharani, nikabaki na shati la mikono mifupi katika baridi ya Julai, meno yakigongana, na kwenye simu ukaingia ujumbe wa Idi: "Mjomba, umeshafika?"

Mama Béa alinihurumia. Akaniazima koti lililokosa mnunuzi tangu asubuhi: la kike, la waridi, vifungo vikubwa kama visosi. "Vaa, papa. Utarudisha." Saa ilikuwa imefika. Nikaona afadhali nifike bila pete kuliko nisifike kabisa.

Shangazi yake Rukia alifungua mlango, akavitazama vifungo kimoja kimoja. "Mshenga ni... wewe?"

Nikasema ndimi. Ndani, Mzee Kombo alikuwa amesimama katikati ya sebule, mbele ya nduguze, amevaa koti langu la kahawia.

"Karibu, mwenzangu! Hebu nitazame," akanyoosha mikono. "Nimelinunua hapo nje sasa hivi. Si kama nilipimwa?"

"Limekukaa, mzee," nikasema. Lilikuwa limemkaa kuliko mimi.

Tukakaa. Nikasema maneno yote ya posa kwa mpangilio wake, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa huku akilipapasa koti kifuani. Mwishoni shangazi akasogeza sinia lenye kitambaa cheupe. "Haya, pete iko wapi?"

Nikifanya hesabu kichwani naona nilikuwa na njia mbili: niseme tumeisahau, posa ife, au nimwambie baba mtu, mbele ya nduguze, kwamba amevaa nguo yangu. Idi alinijia machoni.

"Ipo hapa ndani, mzee."

"Hapa wapi?"

"Mfuko wa ndani, wa kushoto. Kuna kifungo."

Akaingiza vidole. Akatoa kikasha chekundu, akakitazama, akanitazama mimi na vifungo vyangu, na shangazi akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimcheza.

"Hilo ulilovaa ni la nani?"

"La Mama Béa, mzee. Nimeliazima."

Kisha mzee akaweka pete kwenye sinia mwenyewe. "Washenga nimewaona wengi," akasema, "lakini anayetanguliza pete mfukoni mwa baba mtu, sijamwona. Mwambieni Rukia amepata mume."

Nikashukuru, nikakohoa, nikalitazama koti. Mzee naye akalifunga vifungo hadi juu. "Na kilemba changu," (ndiyo ile zawadi anayopewa baba wa binti) "waambie wenzako nimeshakivaa."

Tangu siku ile sitaki kuonekana kwenye meza zile, ndiyo maana navuka barabara, na nikijaribu nguo sokoni kwingine, naivaa juu ya yangu, hata iwe joto la Desemba, na watu wananicheka. Wacha wacheke. Siku ya harusi ya Idi mzee alinipungia kutoka mstari wa mbele, kwa mkono wa koti langu, nami nikapunga pia.