Mtu wa Macho ya Manjano Asiyejikuna

Anayetaka kubisha abishe sasa, maana nikianza sisimami. Ila kwanza ajiulize: mtu asiyetoka nyumbani atakutana na mzimu wapi, aupate wapi hata wa kudanganyia watu? Waliokaa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, miaka ile wananijua. Cherehani yangu dirishani, kitanda changu nyuma ya pazia, na katikati hapo ndipo ilipokuwa dunia yangu. Wenzangu walikwenda sokoni Dowa, wakaenda Lilongwe kutafuta maisha. Mimi nilikwenda bombani na kurudi, nikawa nimechoshwa na safari. Yaya Nsimire, dada yangu mkubwa, alizoea kunicheka: "We, hata kifo ikikuja itakukuta mu nyumba, haitapoteza njia."

Basi kifo kikaja kweli, lakini si nyumbani. Kilinikuta Lilongwe mchana kweupe, watu wakisonga nsima.

Yalianza macho. Yakageuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka kama majivu. Maumivu sikuwa nayo. Nilikuwa na muwasho tu, lakini muwasho gani ule! Viganja, nyayo, mgongo, hata pale ambapo mtu mwenye heshima hajikuni mbele ya wateja. Nilijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ikatoka damu.

Sisi watu wa Bukavu, Kongo, tukiona macho ya manjano hatuulizi ni ugonjwa gani. Tunauliza ni nani. Kwetu hiyo ni sumu, mtu amekulisha. Yaya akapeleleza kila sufuria niliyowahi kuonja, akaishia kwenye maharage ya jirani yetu Mrundi, Mama Divine. "Banakuua, na we unasema aksanti!" Akaniletea mtu wa dawa ya kutapisha sumu. Nikatapika wiki nzima, nikatapika hata chakula cha utotoni. Manjano hayakutikisika. Mwishowe ni Mama Divine huyohuyo aliyesimama mlangoni, mikono kiunoni: "Mimi niliwapa maharage, rangi sikuwapa. Mpelekeni huyu hospitali, mtanisingizia vizuri mkirudi."

Ndiyo nikafika Lilongwe. Wakanipiga picha za tumbo, kisha daktari wa upasuaji, Mmalawi mpole, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akanieleza kwa Kiingereza cha polepole. Yaya alikuwa anaitikia "yes, yes" bila kushika hata neno. Ni kansa, alisema. Imeota pale mfereji wa nyongo unapomwagikia utumboni, ubavuni mwa kichwa cha kongosho. Mdomo wa mfereji umezibwa, nyongo imerudi nyuma kwenye ini, ikafurika mpaka kwenye damu. Kumbe manjano ni hayo, na muwasho ni huo. Maharage hayamo.

"Tutatoa kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo na kifuko cha nyongo," akasema, "kisha tutaunganisha upya yaliyobaki. Ni operesheni kubwa, wengine haiwavushi. Na tukifungua tukakuta imeshafika kwenye ini, hatutakata. Tutaipitishia nyongo njia nyingine ili muwasho ukome, halafu tutafunga."

"Na mkiitoa yote?"

"Huenda ikarudi. Wengine wanapata miaka, wengine miezi. Hapo ilipoota kwako pana nafuu kuliko ingeota ndani ya kongosho lenyewe. Lakini ukikaa hivi ulivyo, hakuna nafuu ya kungojea."

Mimi ni fundi wa nguo. Kukata palipooza na kuunga palipobaki, hilo nalielewa. Nisilolielewa ni kwa nini zamu hii kitambaa kiwe mimi! Nikamwambia nitafikiri. Niamini, sikuwa nafikiri chochote. Nilikuwa naogopa, na mwoga mwenye shule kidogo huuita woga wake kufikiri.

Malawi mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anakwenda na mtu wake wa kumpikia na kumfulia, wanamwita gadiani, na magadiani wana kibanda chao uani. Yaya alikuwa huko anapigana na moshi. Mimi nikajikokota mpaka kwenye benchi la nje, kanga yangu kwapani, gunzi mkononi.

"Jambo, mama. We ni wa Bukavu?"

Kiswahili cha kwetu kabisa! Nikageuka. Mwanaume wa makamo, koti la kahawia limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile, na macho ya manjano kuliko yangu. Utacheka, lakini nilifurahi. Nani hafurahii kuona mwenzake?

"Bamekuambia banakupasua?" akauliza.

"Njo banasema, Papa."

"Usikubali. Kansa ni kama makaa chini ya majivu. Ukiiacha, inalala. Bakikufungua, hewa inaingia, inawaka mwili muzima. Mi nilikatala. Nilirudia kwangu. Sasa niko nalala vizuri, hakuna foleni ya maji, hakuna kelele ya batoto, hakuna mutu ananisumbua." Sauti yake ilikuwa laini kama blanketi. "Machine yako iko inakungoja pa dirisha. Kitanda yako iko inakungoja."

Je, nilimwambia nina cherehani? Sikumwambia. Lakini sikio langu lilishasikia "kitanda," na mengine halikuyataka tena. Nikainuka, nikamfuata. Mpaka Lumbadzi kwa minibasi, kisha nyumbani, na daktari abaki na visu vyake. Yaya ningemtumia salamu.

Tulipofika langoni, pale wenye kabaza wanapoegesha baiskeli zao wakingoja abiria, muwasho ukanipanda mgongoni kama siafu. Nikajikuna, nikahema, kisha nikamnyooshea gunzi. Ni adabu tu. Wenye kuwashwa tunapeana. Akalitazama kama mtu aliyesahau kazi yake. Ndipo nikagundua: tangu benchini mikono yake ilikuwa imetulia, haijajikuna hata mara moja. Mwenye macho ya rangi ile anatuliaje?

"Papa, we hauwashwe?"

"Iliisha."

"Na dawa gani?"

"Nimekuambia. Nilirudia kwangu."

"Kwako njo wapi? Quartier gani?"

"Nyuma ya ile mikaratusi. Pale pa mwisho."

Dzaleka nzima inajua kwamba nyuma ya mikaratusi ile hakuna nyumba hata moja. Kuna makaburi yetu tu.

Mtu wa kawaida angezimia. Mimi niliwashwa. Na muwasho ule ule ulionitesa ndio ulionipandisha hasira, nikasikia kicheko kinanitoka.

"Eh, Papa! Unaona hii mukono? Inawasha. Hii mugongo? Inawasha! Mi niko muzima, muzima mubaya! Rudia kwako peke yako. Na kama nyumba yako ni tamu vile, juu ya nini unashinda pa benchi ya bagonjwa?"

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Yaya: "We! Unatukana nani? Batu ba kabaza banakuangalia!" Nilipogeuza shingo tena, koti la kahawia halikuwepo.

"Yaya," nikasema, "ita docteur. Anikate."

Utasema ni homa, ni nyongo kichwani. Yaya naye alisema hivyo, alinicheka mpaka machozi. Lakini siku niliyoingizwa chumba cha upasuaji, mgonjwa mmoja wa kambini kwetu, mwenye uvimbe kwenye ini, alifunga mfuko wake akaondoka. Naye walikuwa wamempangia kukatwa. Alimwambia Yaya kwamba ndugu mmoja wa Bukavu, wa koti la kahawia, amemshauri vizuri. Kabla mvua hazijaanza, tulikuwa tumeshamsindikiza nyuma ya mikaratusi. Tangu hapo Yaya hacheki.

Nilipozinduka daktari aliniambia, "Tumeitoa. Kama ni yote, sijui." Nikampenda kwa hilo la mwisho. Miaka imepita. Nina kovu linalozunguka chini ya mbavu kama mshono wa fundi mlevi, sahani ya nsima siimalizi, na maharage ya Mama Divine nayala kidogo kidogo, yeye amesimama pembeni kuhakikisha nashukuru. Huenda ikarudi. Ikirudi itanikuta bado nabisha.

Kila ninapokwenda kupimwa nakaa kwenye benchi lile lile, na hata nisipowashwa najikuna, tena kwa kelele, anisikie.

Kwa hiyo wewe unayesoma, macho yakigeuka rangi usitafute jirani wa kumlaumu, tafuta daktari mapema. Na akija mtu mwenye sauti ya nyumbani kukwambia urudi ukapumzike, usibishane naye. Mpe gunzi. Akishindwa kulitumia, mwache aende kwake, na wewe ukae hapo hapo ujikune.