Bi Asya Hataki Kusikia Habari za Pumu

Bi Asya wa Ibra hakuwa mtu wa kusahau, na kusamehe kwake kulikuwa haba zaidi. Alizaliwa Unguja, akaletwa Oman binti mdogo, akaolewa, akafiwa na mume, na tangu hapo akala kwa jasho lake: udi wa kupika. Kila Jumatano utamkuta soko la wanawake, makopo yamepangwa mbele yake, na harufu yake inakufikia kabla hujamwona mwenyewe. Sukari, udi wa kusaga, zafarani, miski, marashi mawaridi; kiasi gani cha kila kimoja hakumwambia mtu, hata Lamees, mke wa mwanawe. Hasa Lamees.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyechokozwa na Rawya. Rawya ni mtoto wa kaka yake, daktari huko Nizwa, msomi kwelikweli. Aliandika utafiti juu ya pumu ya watoto, ukachapishwa katika jarida la madaktari, magazeti yakaudaka, na haikupita siku ukawa kwenye simu za wanawake wote wa sokoni. Kusema haki, Rawya hakuandika kwamba udi ndio unaoleta pumu. Aliandika kwamba mtoto mwenye pumu tayari, moshi wa udi ndani ya nyumba humzidishia. Kifua hubana, pumzi zikatoka kwa mluzi. Lakini nani anasoma mpaka mwisho? Sokoni ilikuwa ni, "Asya, mtoto wa kakako kashakumwagia mchanga kwenye chungu!" na vicheko juu yake.

Vicheko angevistahamilia. Kilichomchoma ni Wiam, mjukuu wake wa miaka minane, ambaye kifua kilimsumbua tangu uchanga na ambaye kila akitoka skuli alishinda kwa bibi yake. Lamees aliusoma utafiti ule, akamzuia.

"Nyumba yako haikatiki moshi, mama," alisema kwenye simu. "Ukiacha kupika ndani, nitamleta."

Bi Asya akamkatia simu. Nyumba ikapooza, chakula kikawa hakipiti, na kwa kuwa hakutaka kumchukia mke wa mwanawe akakosa mtoto moja kwa moja, chuki yote akaipeleka Nizwa.

"Yule si daktari, ni hasidi," alimwambia kila aliyeuliza na asiyeuliza. "Harusi yake nani aliyemfukizia nguo? Si mimi? Leo udi wangu sumu!"

Maneno yana miguu, yakafika Nizwa. Ijumaa moja Rawya akaja kusuluhisha. Alipita kwa Lamees, akamwomba mtoto, akaapa kwamba mbele yake hakitawashwa kitu. Bi Asya alipofungua mlango akamwona Wiam, moyo ukamruka kwa furaha. Kisha akamwona aliyesimama nyuma yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Mh."

Wakakaa sebuleni. Rawya hakuja na maneno ya kuzungusha. "Shangazi, wallahi sikusema uache kazi yako. Pika uani. Na Wiam akiwepo, usiwashe."

"Nyumba yangu unanipangia wewe?"

"Nakwambia habari za mtoto."

"Mtoto ni damu yangu!"

"Ni damu yako. Na Idi iliyopita nani aliyekimbizwa hospitali, baada ya wewe kumfukizia nguo zake? Hilo sikuliandika, shangazi. Ningetaka kukuaibisha, ningeliandika."

Bi Asya aliinuka, akaenda jikoni, akatia kaa la moto kwenye chetezo na udi juu yake, akarudi nacho kinafuka, akakiweka miguuni pa Rawya. Kahawa haijaja, haluwa haijafunuliwa. Mtu wa Oman haambiwi maana yake: udi ukishaletwa, kikao kimekwisha, mgeni hufukiza nguo zake akaaga. Kumletea chetezo kabla ya kahawa ni kumfukuza.

Rawya hakutikisika. Alimtazama shangazi yake, na shangazi akamtazama yeye, kila mmoja akingoja mwenzake aone haya kwanza.

Aliyeinuka ni Wiam. Alijiziba pua kwa ncha ya shela, akasogea kwenye chetezo, akapitisha pindo la gauni lake juu ya moshi kama alivyofunzwa na bibi yake, akaubusu mkono wa Bi Asya, akaenda mlangoni kutafuta viatu.

"Wewe wapi?" Bi Asya alishtuka. "Rudi ukae! Wewe si mgeni hapa, mgeni ni huyu!"

Wiam alikohoa, akavaa kiatu cha pili.

"Udi ushakuja, Bibi," alisema. "Khalas."