Ukuta wa Logi

Vitabu vya logi, vile vya majedwali ya hesabu, Mwalimu Coletha alivitoa stoo kwa mikono yake mwenyewe. Mchwa walikuwa wameanza kuvila pembeni, mahindi ya shule yalikosa pa kuwekwa, naye alikuwa na kalkuleta kumi za mwanga wa jua, zawadi ya marafiki wa parokia kutoka Ujerumani. "Haya ni mambo ya babu zetu," aliwaambia wapishi, akawaachia vitabu wawashie moto. Vilivyobaki vilikwenda sokoni Ushirombo kufungia karanga.

Kwa mwaka mzima wasichana wa kidato cha nne walifanya majaribio yao uani, wanne kwa kalkuleta moja, jua likiwachoma visogo. Alama zilipanda. Mkaguzi alimsifu mbele ya walimu wote, na Coletha, mwanamke pekee aliyefundisha hesabu katika shule zote alizozijua, alilala usingizi mzuri.

Halafu, mwanzoni mwa Novemba 1985, Sista Euphrasia, mkuu wa shule, alirudi kutoka mkutanoni Shinyanga, viatu vimejaa tope.

"Mwalimu, kalkuleta haziingii chumba cha mtihani. Watapewa majedwali, basi."

"Sista, watoto hawajawahi kuyafungua."

"Ndiyo maana nimekuja kwako kabla sijavua viatu."

Mtihani ulikuwa wiki mbili mbele. Shule za Kahama zilikataa kuazima. Nazo zilikuwa zikivikalia vitabu vyao. Asubuhi ya gulio Coletha alikwenda kwa Mama Mageni, muuza karanga.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma. "Zile karatasi za namba bado unazo?"

Mama Mageni alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, watu wameshakula, wamefutia mikono, wametupa. Imebaki hii moja." Akamkunjulia ukurasa ulioloa mafuta. "Nunua karanga, karatasi nakupa bure."

Ukurasa ule ndio uliompa wazo. Kalkuleta zilizoua majedwali zingeyazaa upya, wasichana wajifunze kuyasoma. Karatasi hazikuwepo, lakini bwalo lilikuwa na ukuta mrefu uliopakwa chokaa, na jikoni mkaa haukuisha.

Wasichana walijipanga. Waliokaa uani walibonyeza na kupaza sauti. Waliosimama bwaloni waliandika.

"Tatu nukta nne saba!"

"Logi yake?"

"Sifuri nukta tano nne sifuri tatu!"

"Salvina, hiyo ni nne au tisa? Unaandika kama kuku!"

"Kuku wa kwenu anajua logi?"

Aliyeongoza ukuta alikuwa Justina, binti wa mchimba dhahabu wa Kharumwa. Baba yake alikuwa akishuka mashimoni tangu mtoto huyo hajazaliwa na hakuwahi kuokota cha kujengea nyumba. Kwenye kalkuleta hakuna aliyemshinda. Coletha alikuwa amemwahidi, mbele ya baba yake, kwamba atakwenda kidato cha tano kusoma hesabu. Mzee alimpa mwalimu mkono mweusi wa udongo. Na mkono ule sasa ulimjia Coletha kila alipofumba macho.

Ukuta ulipokamilika upande wa logi, kazi ngumu ilianza. Logi ya namba ndogo kuliko moja huhitaji kistari juu ya tarakimu ya kwanza, na kistari kile wasichana walikisahau, wakakisahau tena. Coletha alifoka, akaomba radhi, akafoka tena. Justina, aliyezoea jibu linalojitokeza lenyewe, alilia huku akijumlisha.

Zilikuwa zimebaki tanjenti. Asubuhi waliyopanga kuzianza, mawingu yalitanda Bukombe nzima, mvua ikashuka. Walisogeza kalkuleta madirishani, tarakimu zikapauka. Wakawasha koroboi, hazikuonekana kabisa. Jenereta ya shule haikuwa na dizeli tangu Pasaka. Mvua iliendelea mpaka siku ya mtihani, na nusu ya ukuta ilibaki nyeupe.

Mwalimu wa somo haruhusiwi kukaribia chumba cha mtihani. Coletha alikaa jikoni kwa wapishi, wala hakuna aliyethubutu kumtania. Karibu na mwisho mvua ilikatika, jua likatoka kali, bati zikaanza kufuka mvuke. Alitoa kalkuleta mfukoni, akaitazama ikiamka kwa raha zake, akatamani kuitupa motoni.

Justina alitoka wa kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu. Vistari nimeviweka vyote!"

"Marahaba. Na pembe?"

"Mnara ulikuja, tutafute urefu wake. Unasimama mita arobaini kutoka chini yake, pembe ni digrii thelathini na moja na dakika ishirini na nne. Nilifungua majedwali ya tanjenti, dakika zile zikanichanganya. Nikachora kwa skeli, nikapima kwa rula. Mita ishirini na nne nukta tano. Walitaka desimali moja. Ni sahihi?"

Coletha alibonyeza taratibu. Ishirini na nne nukta nne, ikasema kalkuleta, na nyuma yake mkia wa tarakimu.

"Imesemaje, Mwalimu?"

Alisogeza kidole gumba juu ya kile kioo kinachonywa mwanga. Tarakimu zikafifia, zikapotea.

"Jua halitoshi," alisema, na jua lilikuwa likiwachoma wote wawili usoni.